Nani kapiga, nani kapigwa? Maneno ya picha katika lugha za kubuni

"Picha ya Amina." Huenda ni picha inayomwonyesha Amina. Huenda Amina ndiye aliyeipiga, na anayeonekana humo ni mbuzi wa jirani. Huenda pia ni picha aliyoinunua mjini akaitundika sebuleni, haina sura yake wala kazi ya mkono wake. Kwa Kiswahili hatuhangaiki, kwa sababu aghalabu tunamjua Amina, tunaijua sebule yake, na mazungumzo yenyewe yanatuonyesha njia.

Anayebuni lugha hana msaada huo. Yuko mezani na karatasi yake, hajapata hata msemaji mmoja, na anapaswa kuamua kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Ndiyo maana msamiati wa picha katika lugha za kubuni unavutia kuliko unavyosikika. Watu hudhani tabu yake ni vitu vipya: pikseli, selfi, emoji, skrini. Hivyo ni vyepesi. Jina la kitu kipya hupatikana, likikataa hili hutafutwa jingine. Tabu ni ya zamani kuliko kamera. Picha ni tendo la mtu, ni kitu kinachobaki baada ya tendo, ina chombo kilichoitengeneza, ina aliyeitengeneza, na ina kinachoonekana ndani yake. Vyote vitano vinagombea mzizi mmoja wa neno.

Nitakaa zaidi kwenye Kiesperanto, kwa kuwa ndiyo lugha ya kubuni iliyopata wasemaji wengi na miaka mingi ya kugombana. Kisha nitapita kwenye lugha nyingine mbili zilizojaribu dawa tofauti kabisa.

Kiesperanto kilichapishwa Warsaw, Julai 1887, na daktari wa macho L. L. Zamenhof aliyezaliwa Białystok mwaka 1859. Alitumia jina la bandia, Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye matumaini, na jina hilo likaishia kuwa la lugha. Wakati huo sanaa ya kupiga picha ilikuwa inakaribia nusu karne tangu ule mwaka 1839 Ufaransa ilipotangaza mbinu ya Daguerre. Kamera ya Kodak ambayo mtu wa kawaida angeweza kuishika mkononi ilitoka mwaka mmoja baada ya kitabu cha Zamenhof. Kwa hiyo lugha hii na picha ya kila mtu ni rika moja.

Mtambo wa lugha yenyewe ni rahisi kueleza. Kuna mizizi, na kuna vipande vinavyobandikwa. Ukimalizia mzizi kwa *-o* umepata nomino, kwa *-a* kivumishi, kwa *-i* kitenzi. Katikati unaingiza viambishi vya maana: *-ist-* kwa mtu wa kazi fulani, *-il-* kwa chombo, *-ej-* kwa mahali, *-aĵ-* kwa kitu kinachoshikika, *-et-* kwa udogo, *-ar-* kwa mkusanyiko. Msemaji wa Kiswahili hashangai. Sisi tuna *chora*, tukapata *mchoraji*, *mchoro*, *uchoraji*, *choreka*, *chorea*, na hatujawahi kumwomba mtu ruhusa.

Neno kuu la picha ni *bildo*, lililotoka kwenye Kijerumani. Ni neno pana: mchoro ukutani ni *bildo*, picha ya simu ni *bildo*, hata taswira anayoipata msomaji akilini inaweza kuitwa hivyo. Kutoka hapo unajenga. *Bildeto* ni kijipicha, na leo ndilo jina la zile picha ndogo ndogo zinazokuonyesha kilichomo kabla hujafungua faili. *Bildaro* ni mkusanyiko wa picha. *Bildaĉo* ni picha mbaya, ya ovyo, kwa maana *-aĉ-* ni kiambishi cha dharau. *Bildlibro* ni kitabu cha picha, na *bildstrio* ni hadithi ya katuni, kwa maana ya mkanda wa picha, ingawa wapo wanaoiita *komikso* na hawajali.

Mtego wa kwanza unawangoja wale wanaokuja na lugha za Ulaya vichwani. Kuna neno *imago*, na kila anayejua Kiingereza au Kifaransa huliona akadhani ni picha. Siyo. *Imagi* ni kuwaza kitu kisichokuwepo, na *imago* ni ule uwezo wa kuwaza au lile wazo lenyewe. Kwa hiyo mgeni akisema ametuma *imago* kwa barua pepe, wenyeji wanaelewa kwamba ametuma ndoto.

Mtego wa pili ni mkubwa, na hauwachagui wageni. *Pentri* ni kuchora kwa rangi; *desegni* ni kuchora kwa mistari, kwa penseli au kalamu. Mizizi yote miwili asili yake ni vitenzi. Ukiondoa *-i* ukaweka *-o*, unapata jina la tendo. *Pentro* basi ni uchoraji wa rangi unaoendelea, jasho na brashi. Kitu kinachotundikwa ukutani ni *pentraĵo*. Vivyo hivyo *desegno* ni kuchora, na *desegnaĵo* ni mchoro. Kanuni iko wazi kabisa, na watu huivunja kila siku: utasikia *desegno* ikitumika kwa karatasi yenye mchoro, na hakuna anayeshindwa kuelewa.

Kwa nini mzizi mmoja uwe wa tendo na mwingine wa kitu? Mfano wanaopewa wanafunzi ni kitana na brashi. *Kombi* ni kuchana nywele, mzizi wa tendo. Ukitaka kitana lazima uongeze kiambishi cha chombo, *kombilo*. Lakini *broso* ni brashi, mzizi wa kitu. Ukitaka kupiga brashi unaweka tu *-i*, *brosi*. Ukisema *brosilo* umesema chombo cha kupigia brashi, na chombo hicho ni brashi yenyewe, umejirudia. Aliyeichambua kwa utaratibu hali hii ni René de Saussure, mwanahisabati wa Uswisi, ndugu yake Ferdinand de Saussure ambaye wanaisimu wote wanamjua. René alitoa kanuni kwamba neno liwe na vipande vya lazima na vya kutosha, bila kupungua wala kuzidi. Mimi naona aliona mbali, lakini aliacha deni: mwanafunzi hana njia ya kujua kwa kuutazama mzizi kama ni wa tendo au wa kitu. Lazima akariri. Lugha iliyojinadi kuwa haina visivyo vya kawaida ilivificha ndani ya mizizi.

Sasa weka hapo neno la kupiga picha kwa kamera, uone fujo.

Kanuni ya 15 kati ya zile 16 za Zamenhof inasema hivi kwa ufupi: maneno ambayo lugha nyingi zimeyachukua kutoka chanzo kimoja yaingie Kiesperanto bila kubadilika, ila yaandikwe kwa tahajia ya Kiesperanto. Lakini yakiwa ni maneno mengi ya mzizi mmoja, ni afadhali lichukuliwe lile la msingi tu, na mengine yajengwe kwa kanuni za lugha. Sentensi ya kwanza inafungua mlango, ya pili inaufunga nusu. Neno la fotografia limo karibu katika lugha zote za Ulaya, kwa hiyo lina haki ya kuingia. Swali ni lipi la msingi: kazi, kitu, au mtu?

Kirusi, Kipolandi, Kihispania na Kiitaliano vyote vina neno linalofanana na *fotografo*, na kote huko ni mpiga picha. Kiesperanto kikauchukua mzizi kama kitenzi, *fotografi*, kupiga picha. Matokeo yake *fotografo* kwa kanuni ni tendo la kupiga picha, mpiga picha ni *fotografisto*, na picha yenyewe ni *fotografaĵo*. Wakati huohuo *geografo*, yenye mwisho uleule, ni mtu, mtaalamu wa jiografia. Na *telegrafo* ni mtambo. Maneno matatu yenye sura ya ndugu wa tumbo moja. Mmoja tendo, mmoja mtu, mmoja chombo. Ukiwa mwalimu wa lugha hii, siku utakayofundisha somo hilo jiandae kwa maswali.

Wasemaji hawakungoja wataalamu. Walifanya kile ambacho midomo hufanya kwa neno refu lenye matatizo: walilikata. *Foto* ikawa picha ya kamera, mzizi wa kitu, mfupi na mtulivu. Kutoka hapo ikaja *foti*, kupiga picha, na *fotilo*, kamera, na *fotisto*, mpiga picha. Mwenye kufuata kanuni kwa ukali anaweza kulalamika kwamba ukoo huu umejengwa juu ya nomino na hapo hapo unatumika kama kitenzi. Alalamike. *Fotilo* ni neno zuri kuliko yote katika ukoo huu: silabi tatu, linasema ni chombo, linasema cha nini, na halimlazimishi Mjapani au Mtanzania kukumbuka kwamba neno *kamera* lilianzia Kilatini kwa maana ya chumba. Kiesperanto pia kina *kamerao*, lakini hilo limebaki zaidi kwa kamera za filamu na televisheni.

Ukilinganisha, Kiswahili kilipita njia ya mkato. Tulichukua *picha*, tukachukua *kamera*, na tendo lenyewe tukalitupia kwenye kitenzi chetu cha kazi zote, *piga*: piga picha, piga simu, piga pasi, piga deki. Hatukuhitaji kuamua kama picha ni tendo au kitu, kwa sababu *piga* imebeba tendo na *picha* imebaki kitu. Gharama ya njia hiyo ni kwamba hakuna kitenzi kimoja kinachosimama peke yake. Anayebuni lugha kwa mantiki angeona ni uzembe, na bado ndiyo njia iliyoleta matatizo machache.

Picha za kidijitali zilipokuja, Kiesperanto kilikuwa tayari na mazoea hayo yote. Picha ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana ni ya mwaka 1957, Marekani, kazi ya Russell Kirsch na wenzake: sura ya mwanawe mchanga, nukta 176 kwa 176. Neno la Kiingereza la nukta hizo, *pixel*, lilichapishwa mwaka 1965 na Fred Billingsley, mhandisi wa maabara iliyokuwa ikishughulikia picha za vyombo vya anga. Nalo ni la kuunganisha vipande, kipande cha neno la picha na kipande cha neno la chembe. Kwa maneno mengine, hata Kiingereza kililibuni mezani.

Kiesperanto kina dawa tayari kwa jambo hili, kiambishi *-er-*, kinachotoa chembe moja kutoka kitu kilichotengenezwa kwa chembe nyingi zinazofanana. *Sablo* ni mchanga, *sablero* punje moja ya mchanga. *Neĝo* ni theluji, *neĝero* kipande kimoja kinachodondoka. *Mono* ni pesa, *monero* ni sarafu. Basi pikseli ni *bildero*, chembe ya picha. Wasemaji wengi wangeishia hapo, na mimi pia.

Wako waliokataa. Hoja yao ina uzito: mchanga ni punje tupu, lakini picha siyo punje tupu. Picha ya harusi ina bibi harusi, ina keki, ina mjomba aliyesinzia. Chembe ya *picha* ingeweza kuwa mojawapo ya hizo. Kilichogawanyika kuwa nukta siyo picha kama picha, ila ule wavu wa mistari na safu ambao kompyuta imeitandaza juu yake. Wavu huo kwa Kiesperanto ni *rastrumo*, kwa hiyo nukta yake ni *rastrumero*. Kwa mantiki hawana kosa. Kwa ulimi wana tabu. Na kundi la tatu likasema kanuni ya 15 inaruhusu, basi tuseme *pikselo* tuendelee na maisha. Yote matatu yangali hai.

Ugomvi huu una kambi za miaka mingi. Upande mmoja wako wanaoamini kwamba lugha ya watu wote ijengwe kwa mizizi michache, ili mtu wa Tokyo au Bunda asilazimike kukariri msamiati wa Ulaya kila kiwanda kinapotoa kifaa kipya. Claude Piron, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyewahi kuwa mfasiri wa Umoja wa Mataifa, alikuwa mtetezi wao mashuhuri. Upande wa pili wako washairi na wataalamu wanaotaka neno lenye kukata kama wembe, hata kama ni la kuazima. Wa kwanza waliushinda mpambano mkubwa wa kompyuta: walioshindana walikuwa *komputero*, *komputoro* na *komputilo*, na hili la mwisho, chombo cha kukokotoa, ndilo lililobaki. Sisi tulikuwa na *ngamizi* na *tarakilishi*, na *kompyuta* ikawapita zote mbili. Kila lugha ina mshindi wake.

Mahali ambapo wajenzi wa ndani walifanya kazi safi ni kwenye ukali wa picha, yaani nukta ngapi zimo. Kiingereza hutumia neno lilelile la azimio la mkutano, na Kiesperanto kina *rezolucio* kwa maana ya azimio. Kulihamishia kwenye skrini kungeleta sentensi za kuchekesha kwenye mikutano, na wasemaji wa Kiesperanto wana mikutano mingi mno. Wakatumia *distingivo*: *distingi* ni kutofautisha, *-iv-* ni uwezo. Uwezo wa kutofautisha. Neno linaeleza hasa kinachopungua picha inapokuwa hafifu: huwezi tena kutofautisha jani na jani.

Kushusha faili kutoka intaneti ni *elŝuti*, na kulipandisha ni *alŝuti*. *Ŝuti* ni kumimina kitu kikavu chenye punje, nafaka kwa mfano. *El* ni kutoka ndani, *al* ni kuelekea. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, maana sisi tulikwenda jikoni na kwenye lori tukaleta *pakua* na *pakia*. Pakua wali, pakua picha. Lugha mbili zisizojuana ziliangalia data zikaona kitu cha kumimina.

Mengine niyapitie haraka. Picha ya skrini ni *ekrankopio*, nakala ya skrini. Selfi ni *memfoto*, foto ya nafsi. Kuskani ni *skani*, na skana ni *skanilo*. Emoji ni *emoĝio*, tahajia tu imebadilika. Neno lenyewe ni la Kijapani, *e* picha na *moji* herufi, na kufanana kwake na neno la Kiingereza la hisia ni bahati. Vile vikatuni vya uso unaocheka viliitwa *ridulo*, mcheka, zamani kabla emoji hazijaenea, na napenda kwamba ni jina la mtu. Alama ndogo za kubonyeza kwenye skrini ndizo sikubaliani nazo: wengi wanaziita *ikono*, neno ambalo tayari ni la picha takatifu za Wakristo wa Kiorthodoksi. Kuna *piktogramo*, imekaa pembeni inangoja.

Anayeamua ni nani? Kwa jina ni Akademio de Esperanto, ambayo hulinda msingi uliowekwa mwaka 1905 na kuidhinisha mizizi mara mojamoja, bila haraka. Kwa vitendo ni kamusi na watu wanaotafsiri programu. Kamusi kubwa ya lugha hiyo, PIV (*Plena Ilustrita Vortaro*), ilitoka mwaka 1970, na neno lake la katikati, *Ilustrita*, maana yake ni yenye michoro. Kwa mambo ya kompyuta Sergio Pokrovskij aliandika leksikoni yake, na baadaye ukaja mradi wa Komputeko unaoweka istilahi za lugha kadhaa bega kwa bega ili mtafsiri aone wenzake wamesemaje. Wikipedia ya Kiesperanto, iliyoanza mwaka 2001, ina makala zaidi ya 300,000, na kila makala yenye picha inahitaji maneno haya. Agosti 2024 kongamano lao la dunia lilifanyika Arusha, mara ya kwanza kukanyaga Afrika tangu lile la kwanza la Boulogne-sur-Mer mwaka 1905.

Toki Pona ilikwenda upande mwingine kabisa. Sonja Lang wa Kanada aliitangaza mwaka 2001 ikiwa na maneno yapatayo 120 tu, kwa makusudi. Hapo huwezi kuwa na neno la picha, jingine la foto, jingine la mchoro, jingine la herufi. Kuna moja: *sitelen*. Picha ni *sitelen*. Maandishi ni *sitelen*. Chapa, alama, ramani, sahihi yako chini ya mkataba, vyote *sitelen*. Filamu ni *sitelen tawa*, picha inayokwenda. Kamera inaweza kuwa *ilo sitelen*, chombo cha *sitelen*, na kalamu pia inaweza kuwa *ilo sitelen*. Msikilizaji aangalie umeshika nini. Hilo *ilo* lenyewe limetoka Kiesperanto, ambako ni neno la chombo na pia kile kiambishi tulichokiona kwenye *fotilo*.

Wanaoiona kama mchezo wa watoto wanakosa jambo. Kwenye kompyuta, herufi na picha ni kitu kimoja mwishowe: nukta zilizowashwa na zilizozimwa. Emoji ni herufi katika orodha ileile yenye A na B. Mtu akikutumia picha ya tangazo lenye maneno, ametuma picha au maandishi? *Sitelen* haikuulizi. Toki Pona imekataa kuuweka mpaka ambao teknolojia yenyewe imeufuta.

Na ndiyo hiyo hiyo sababu mtu hawezi kuandika mwongozo wa programu ya kuhariri picha kwa Toki Pona bila kuchoka. Itabidi kila mara aeleze *sitelen* ipi, na maelezo yatakuwa marefu kuliko kazi yenyewe.

Lojban, lugha iliyojengwa juu ya mantiki, ndiyo inayomrudisha Amina. Shirika linaloisimamia lilianzishwa mwaka 1987, na mizizi yake ilitengenezwa kwa kuchanganya sauti za maneno ya Kichina, Kihindi, Kiingereza, Kihispania, Kirusi na Kiarabu kwa hesabu. Lakini ajabu yake haiko kwenye sauti. Katika Lojban kila mzizi ni uhusiano wenye nafasi za kujazwa, na mpangilio wa nafasi umeandikwa kwenye kamusi pamoja na maana. *Pixra* haimaanishi picha tu. Inamaanisha: kitu cha kwanza ni picha inayoonyesha kitu cha pili, iliyotengenezwa na mtu wa tatu, kwa nyenzo ya nne.

Basi *ti pixra la .aminas. la .djumas.* ni "hii ni picha inayomwonyesha Amina, kaifanya Juma." Majina yameongezewa s kwa sababu jina la mtu katika Lojban ni sharti liishie konsonanti, nalo ni deni ambalo Waswahili wote tutalipa. Geuza majina mawili, na Amina ndiye mpiga picha. Nafasi ya nne uiwekee karatasi, ukuta au faili. Mwenye picha, yule aliyeinunua akaitundika, hana nafasi humo, kwa sababu kumiliki si sehemu ya kuwa picha. Huyo utamtaja kwa njia nyingine. Utata wa "ya" umekatwakatwa vipande, na kila kipande kina kiti chake. Kamera nayo, *kacma*, ina viti vitatu: kamera, kinachorekodiwa, na kinachorekodiwa juu yake.

Hata hivyo mantiki inaishia mahali. Ukibandika mizizi miwili, tuseme *skami* ya kompyuta na *pixra*, unapata *skami pixra*, picha ya namna fulani ya kikompyuta. Inaonyesha kompyuta? Imechorwa na kompyuta? Imo ndani ya kompyuta? Lugha inaruhusu zote, na wabunifu wake wanakiri hivyo wazi: muungano wa maneno mawili ni wa kukisia. Msemaji wa "picha ya kompyuta" yuko nyumbani.

Siku hizi kuna picha ambazo hakuna aliyezipiga wala aliyezichora. Mtu ameandika sentensi, mashine ikatoa sura ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Katika Kiesperanto mjadala unaangukia kwenye vihusishi viwili. *Farita de* ni kufanywa na mtendaji; *farita per* ni kufanywa kwa chombo. Sisi tunao mpaka huohuo: picha imechorwa *na* Juma *kwa* brashi. Je, imechorwa *na* mashine au *kwa* mashine? Ukisema *na*, umeipa mashine kiti cha Juma. Ukisema *kwa*, lazima kuwe na Juma mahali fulani, na huenda ni yule aliyeandika sentensi. Angalia vichwa vya habari vya Kiswahili kuhusu picha bandia uone mwandishi kachagua lipi, mara nyingi bila kujua kwamba kachagua.

Lojban inakulazimisha ujue. Kiti cha tatu cha *pixra*, cha mtengenezaji, kinaweza kujazwa kwa vineno viwili vinavyofanana kwa sauti. *Zo'e* maana yake ni kwamba mtengenezaji yupo, ila simtaji, ama simjui ama si muhimu. *Zi'o* maana yake ni kwamba kiti chenyewe kimeondolewa: tunazungumzia aina ya picha ambayo suala la mtengenezaji halimo kabisa. Vineno hivyo vilikuwepo kabla mashine hizi za kutengeneza sura hazijaenea. Mwenye kuandika chini ya picha ya mwanamke asiyekuwepo inabidi achague kimojawapo, na herufi mbili ndizo zitakazosema kama kuna mtu wa kuulizwa.